Mnyaa wa Kasiani

Kasiani alipohamia Mkunya ukweni, maana huko mume ndiye humfuata mke, watu walitazama amebeba nini. Alikuwa na jembe, mkeka, na kipande cha mmea chenye miiba kama nungunungu.

"Shemeji, umetuletea miiba? Umesikia kwetu haipo?" aliuliza kaka wa mkewe.

Ulikuwa mnyaa wa aina ya pekee, wenye miiba, wa kilima cha mawe cha kwao, karibu na Chiwata. Kwenye vilima vingine haukuota. Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetoa amri, na wajenzi wa barabara walikipasua kilima kile kwa baruti wapate kokoto. Wenye kilima hawakuulizwa, na magari yalipoanza kupita, hawakupandishwa. Kasiani alikimbilia kwenye kifusi akaokoa kipande kimoja. Kikifa hicho, basi.

Akakipanda mbele ya nyumba.

Sasa, huko Mkunya, Newala, maji hufuatwa bondeni na kupandishwa kwa kichwa, asubuhi nzima huishia mtelemkoni. Mama mkwe wake, Mama Anjelina, alimpenda kijana huyu asiyechagua kazi. Angempa heshima gani kubwa zaidi? Kila alipotua mtungi, kata ya kwanza aliumwagia mnyaa.

Mmea wa mawe makavu! Shina likaanza kulainika na kunuka.

"Mwambie mama aache," Kasiani alimsihi mkewe, Getrude.

"Mwambie wewe. Akininunia mimi, nitakunywa wapi?"

Mkwe akatae maji ya mama mkwe? Kasiani alinyamaza mpaka uozo ulipokaribia ncha. Ndipo akachukua panga, akaukata mmea.

Mama Anjelina akapiga yowe. Mkwe anayekata alichokipanda, kesho anafunga mizigo.

"Baba, binti yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sema!"

"Ni maji, mama. Mmea huu umezoea mawe. Maji yanauozesha."

Mama Anjelina aliketi chini, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Na shingo yangu hii yote! Ukawa unanitazama tu?"

"Ningesemaje, mama?"

"Kwa mdomo!"

Ncha iliyobaki nzima ikawekwa kivulini, jeraha likauke. Lakini ardhi ya Mkunya ni mchanga mtupu, jiwe utalitafuta. Siku chache baadaye Mama Anjelina alipanda mtelemko akihema kuliko kawaida, akautua mtungi miguuni pa mkwewe. Ulijaa kokoto za bondeni.

"Haya, unyweshe."

Mnyaa ukashika. Wa kwanza kupata habari walikuwa mbuzi wa yule shemeji: walirudi nyumbani na miiba midomoni.