Maana ya Pili ya "Pinch"

Aliajiriwa katika kiwanda cha mikate tarehe 3 Machi 2009. Kadi yake ya kazi inaonyesha hivyo, na cheo chake hakijabadilika tangu siku hiyo: mkata madonge. Wenzake humwita Mizani. Anaufinya unga uliokandwa, anatupa donge mezani, na ukilipima unakuta gramu sitini kamili.

Mwezi uliopita nafasi ya msimamizi wa zamu ilibaki wazi. Mwenye kiwanda alitaka usaili wa Kiingereza. Mizani aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba, kwa sababu magoti yake yamechoka kusimama saa nane mfululizo. Bintiye, mwanafunzi wa sekondari, akamfundisha maneno ya kazini kwa kamusi. Kufinya, akamwambia, ni "pinch".

"Na hapo chini pameandikwa nini?"

"Maana nyingine, mama. Wewe hiyo moja inakutosha."

Siku ya usaili mwenye kiwanda aliuliza kama wafanyakazi wake wana tabia ya "pinch". Mizani alifurahi kukutana na neno analolijua.

"Ndiyo, bosi. Kila siku," akajibu kwa Kiingereza chake. "Mimi nawashinda wote. Wageni nawafundisha mwenyewe."

Mwenye kiwanda alifunga faili. Karani aliyekuwa akiandika aliinamia karatasi, mabega yakimtikisika.

"Dada," akanong'ona, "hilo neno pia ni kudokoa. Umeshakiri wizi wa sukari."

Mizani hakubabaika. Alimwomba karani amtafsirie, akanyoosha vidole na kuifinya hewa: alisema madonge, si sukari. Mwenye kiwanda alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza upya, kupitia karani: je, huko kudokoa kwenyewe kupo?

"Kupo. Sukari, siagi, mpaka hamira. Wanadhani sina macho."

"Akina nani?"

"Majina hayo ni kazi ya msimamizi, bosi. Mkata madonge atayapeleka wapi?"

Karani, ambaye chai yake haijawahi kukosa sukari, alitafsiri neno kwa neno bila kuinua uso.

Mizani ataanza usimamizi Jumatatu, zamu ya asubuhi. Stoo inawekewa kufuli jipya, na ufunguo atakaa nao yeye.