Mkongojo wa Fundi Halivuji

Fundi Halivuji alipata jina hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Mafundi wengine wakimaliza kazi husema wamemaliza. Yeye aligonga kiungo cha bomba kwa kidole, akamkazia macho mwenye nyumba na kusema, "Hili halivuji. Likivuja, nizikeni nalo." Na kweli halikuvuja. Jikoni kwangu kuna bomba alilolifunga zamani, na mpaka leo ukuta ule ni mkavu. Kwa mabomba sina neno naye. Tatizo ni kwamba fundi huyu, aliyeweza kuziba kila kitu, hakuwahi kuziba koo lake.

Alikunywa kwa namna ile inayowafanya watu waseme "lakini ni mtu mzuri." Sijui kwa nini walevi hupewa hiyo "lakini" bure, wakati wake zao hawapewi hata pole. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Kwa miaka mingi aliinua macho kutoka kwenye mshono kila aliposikia geti, ili ajue kwa mlio wa hatua mume amerudi na hali gani. Siku ya harusi ya binti yao, fundi alinyang'anya kipaza sauti na kuwaeleza wakwe, mbele ya wageni wote, jinsi choo chao kilivyofungwa vibaya na aliyekifunga alivyo mwizi. Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama wa bibi harusi naye alifuta machozi, ila hakuwa amecheka.

Watoto walipoungana kuwalipia wazazi wao safari ya meli ya starehe, kwa heshima ya ndoa yao iliyodumu, mshonaji aliweka masharti yake mezani kabla hata ya kusema asante.

"Baba, nisikilize," alimwambia mumewe. "Tukiwa melini, siku nikikuona umekunywa, tukishuka naenda kwa binti yangu. Na safari hii sirudi."

"Mama, mbona unanitisha kama mtoto?"

"Sikutishi. Nakuarifu."

Fundi alijua hilo si tishio. Mkewe alikuwa ameshaenda kwa binti yao mara kadhaa, na kila mara alirudi kwa sababu aliacha cherehani. Safari hii alikuwa amekwisha kuuliza kama cherehani inaingia kwenye gari la mkwe.

Mtu mwenye akili angeacha pombe kwa wiki moja. Fundi wetu alikaa chini na kusoma masharti ya meli, yeye ambaye hakuwahi kusoma hata karatasi ya dawa. Akaona kwamba kila mtu mzima anaruhusiwa kuingia na chupa moja ya mvinyo, basi. Pombe kali hairuhusiwi kabisa. Chupa utakazonunua bandarini wakati wa safari zitachukuliwa, zitawekwa, na utarudishiwa siku ya kushuka. Yote hayo, ilisema karatasi, ni kwa ajili ya usalama wako.

Hapa naomba nisimame kidogo. Meli hiyo ina baa kila ghorofa, na nyingine pembeni ya bwawa ambako watu hunywa huku wamekaa majini. Meli haichukii pombe hata kidogo. Inachukia pombe yako. Ukilewa ya kwao, wewe ni mgeni mheshimiwa. Ukilewa ya kwako, umehatarisha usalama. Nimewahi kuona unafiki mwingi, ila huu umepigwa chapa na kubandikwa ukutani.

Baa hizo hazikumfaa fundi kitu, kwa sababu melini hawapokei fedha taslimu. Kila unachokunywa kinaandikwa kwenye kadi ya chumba, na kadi aliishika mkewe, kwenye pochi, chini ya kanga.

Basi siku chache kabla ya safari, fundi akaanza kuchechemea. Goti, alisema. Miaka ya kupiga magoti chini ya masinki ya watu. Akajifungia stoo, akatoka na mkongojo aliojitengenezea: kipande cha bomba la plastiki, juu kimefungwa elbo, kile kiungo kilichopinda, ya kushikia, chini kimevalishwa raba, chote kimepigwa msasa na kupakwa rangi ya mti. Ulikuwa mkongojo mzuri kuliko wa dukani. Ndani yake alikuwa amejaza pombe kali hadi juu kabisa, bila kuacha nafasi ya hewa, maana fundi anajua kwamba kinachopiga kelele ndani ya bomba ni hewa. Kisha akaziba kwa gundi yake, kama alivyozoea kuziba.

Bandarini mkaguzi alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye glavu nyeupe. Mbele ya fundi alisimama dada mmoja aliyebeba chupa kubwa ya shampuu.

"Dada, shampuu hii mbona haitoi povu?" mkaguzi aliuliza akiitikisa.

"Ni ya nywele kavu."

"Basi nywele zako zitalewa." Akaiweka pembeni, kwenye rundo la chupa zilizovikwa vikaratasi vya namba za vyumba. "Utazichukua siku ya kushuka, mpenzi. Anayefuata!"

Alipoona mkongojo, uso ulimlainika. "Shikamoo baba. Pita tu, usihangaike. Mpisheni mzee, jamani, ana mguu!" Akaushika mwenyewe, akamvusha, akamrudishia upande wa pili kwa mikono miwili.

Lakini begi la fundi lilipita kwenye mashine, na likasimamishwa. Mkaguzi akatoa msumeno mdogo wa kukatia bomba.

"Huu wa nini, baba? Unataka kukata meli?"

"Mimi ni fundi. Natembea nao."

"Huku mafundi tunao. Utauchukua siku ya kushuka." Msumeno ukavikwa kikaratasi, ukalazwa kati ya shampuu na chupa ya dawa ya mbu iliyonukia ndizi na pombe.

Fundi akaingia melini akiwa na kinywaji chake salama mkononi, na hana cha kukifungulia.

Mwanzoni hakuona shida. Mkewe alipokwenda kwenye mazoezi ya kucheza muziki, yeye alijifungia bafuni na mkongojo. Akajaribu kisu cha siagi. Akajaribu kuizungusha elbo kwa taulo lililolowa. Akajaribu meno, na jino moja likamwambia wazi kwamba halitaki tena. Gundi ilishika. Hakuwa amefunga kwa haraka, hakuwa amelegeza popote. Alikuwa amefunga kama anavyofunga kwa mteja aliyelipa vizuri. Mwishowe akakumbuka kwamba plastiki hulainika kwa moto, akachukua mashine ya kukaushia nywele na kuielekeza kwenye elbo mpaka mashine ikaanza kunuka na kuzimika.

Mhudumu wa vyumba, mama wa makamo aliyekuwa akitandika kitanda cha jirani, alisikia harufu akagonga, akafungua.

"Baba, kuna usalama? Unafanya nini?"

"Nakausha mkongojo."

"Umelowa?"

"Umelowa."

"Umelowea wapi, na mvua hakuna?"

"Bafuni, mama. Naoga nao. Goti hili haliniachi hata nikioga."

Mhudumu alimhurumia kiasi kwamba alikwenda kumwambia muuguzi wa meli. Jioni ile ile fundi aliitwa zahanati, akaminywa goti, akapewa mazoezi ya kufanya kila asubuhi kwenye ukumbi, pamoja na wazee waliovunjika nyonga. Akawa anainua mguu na kuushusha, akihesabiwa na msichana mwenye filimbi, huku mkongojo uliojaa pombe umesimama ukutani ukimtazama.

Mezani walikaa na mwalimu mstaafu na mkewe. Mwalimu aliagiza glasi kila mlo, na kila mara alimkaribisha fundi.

"Mzee mwenzangu, moja tu. Ya kuteremshia nyama."

"Asante, mwalimu. Situmii."

"Hutumii kabisa?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Tangu tupande hajagusa hata tone," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu wawe vijana. Fundi akainamisha macho kwenye sahani. Mke wa mwalimu akadhani ni unyenyekevu.

"Wanaume wa hivi siku hizi hawapo," alisema, akimtupia mumewe jicho. "Mwangalie, na maumivu yote hayo."

Watu wa kumtetea watasema fundi alikuwa ameanza kubadilika. Sikubali. Mtu ambaye hakunywa kwa sababu kifuniko hakikufunguka hajatubu; amefungiwa nje. Lakini sitaficha ukweli: kwa siku zile mkewe alikuwa na mume. Walikaa kwenye viti vya sitaha wakiangalia maji. Alimchua goti kwa mafuta ya moto. Fundi akamweleza jinsi maji taka ya meli yanavyofyonzwa kwa hewa na si kwa mteremko, na mkewe akasikiliza mpaka mwisho, akacheka pale pa kucheka. Siku moja mchana alisinzia begani kwake. Fundi hakusogea mpaka mkono ukafa ganzi. Mkono mwingine ulikuwa umeshika mkongojo.

Siku ya kushuka, kwenye meza ndefu karibu na ngazi, abiria walijipanga kuchukua vitu vyao vilivyozuiwa. Watu wazima wenye vyeo walisimama pale wameshika namba za vyumba, wakikwepa kutazamana, wakikabidhiwa dawa za mbu na shampuu mbele ya watoto wao. Fundi alichukua msumeno.

"Wa nini huo?" mkewe aliuliza.

"Wa kazi."

Mkewe akabeba begi lake, wakashuka.

Walipofika nyumbani, mshonaji aliliacha begi lake mlangoni, halijafunguliwa. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Baba, kaa. Mkongojo huo una nini?"

"Una nini vipi? Ni mkongojo."

"Nafua nguo zako tangu ujana wangu. Harufu ya gundi yako naijua kuliko manukato yangu. Umejifungia stoo, umetoka unanuka gundi na unachechemea. Nilijua kabla hatujapanda."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilipoona wamekunyang'anya msumeno, nikasema ngoja nipumzike. Nimeolewa na fundi. Nilijua haufunguki. Na nimefurahi, baba. Sikuwa najua kama bado naweza kufurahi nikiwa na wewe. Ndiyo maana nakuuliza sasa, maana sasa msumeno unao. Utaufanyia nini?"

"Nitaumwaga," fundi alisema. "Mama, naapa. Nakwenda kuumwaga sasa hivi, na wewe ukiona."

"Haya."

Alisimama, akaenda uani bila kuchechemea, bila hata kukumbuka kuchechemea. Mkewe akasimama mlangoni kumtazama. Uani kuna mtaro wa maji machafu, aliouchimba na kuujengea fundi mwenyewe, hatua chache tu kutoka mlangoni. Fundi aliupita mtaro. Akaenda kwenye kamba ya nguo, akachukua ndoo iliyofunikwa, akaisuuza mara mbili. Akaitazama ndani kama imetakata. Kisha akarudi sebuleni, akapita karibu na mkewe, akachukua kipande cha kitambaa cheupe cha mashati ya shule, akatoka tena uani, akakitandaza juu ya ndoo na kukifunga kwa uzi, ili unga wa plastiki usiingie. Halafu akaanza kukata, taratibu, kwa ustadi, akiinamisha bomba ili lisipotee tone.

Anayemwaga hahitaji ndoo safi. Wala hachuji.

Mkongojo ulipokatika na ndoo ikaanza kujaa, fundi aliinua kichwa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Alisikia geti, na kabla ya geti alikuwa amesikia hatua, zilizokuwa za kawaida kabisa, za mtu anayekwenda mahali anapopajua. Mkwe alikuja na gari kesho yake kuchukua cherehani. Iliingia.

Pombe yenyewe haikunyweka. Gundi ilikuwa imeyeyukia ndani wiki nzima. Fundi alionja, akatema, akaonja tena, kisha akaimwaga yote kwenye mtaro, bila shahidi.

Juzi nilimwita aje kunifungia bomba la bafuni. Alipiga magoti bila shida.

"Goti vipi, fundi?" nilimuuliza.

"Limepona," alisema, akagonga kiungo kwa kidole. Hakusema halivuji. Aliuliza tu kama nimemwona mkewe kanisani, na kama anaonekana vizuri. Nikamwambia anaonekana vizuri sana.