Kiti Kilichomnyang'anya Kabati Mke

Gari lile Kabati alilinunua mwenyewe, kwa hiari yake na akili zake timamu. Tuliweke hilo wazi mapema, maana baadaye alikuja kulalamika kana kwamba adui alilitupa uani kwake usiku na kukimbia.

Kabati ni jina la kazi. Kwa miaka ishirini na sita alihamisha vyombo vya watu: vitanda, majokofu, meza za vioo, na makabati ambayo wenye nayo waliapa hayapiti mlangoni, naye akayapitisha. Miaka yote hiyo mkewe alikaa naye mbele kwenye lori, upande wa abiria, bunda la kamba za akiba mapajani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia kushoto. Lori lao la kwanza kioo chake cha kushoto kiligongwa na tawi, kikawa kinaonyesha mawingu tu. Basi kila walipotaka kuingia barabara kuu, mke alichungulia dirishani kisha akasema, "Kushoto peupe," na Kabati akakanyaga mafuta bila kugeuza shingo. Kioo kilikuja kubadilishwa. Lori lenyewe lilibadilishwa mara mbili. Desturi ikabaki vilevile, na Kabati wala hakujua tena kwamba ni desturi. Kulia kulikuwa kwake, kushoto kulikuwa kwa mkewe.

Halafu miguu ya mke ikaanza kuvimba. Daktari akasema akikaa muda mrefu ainyanyue, asiining'inize. Kabati, ambaye kwa mambo ya mkewe hana mkono wa birika, alimwachia mkwewe lori aendeleze kazi, akauza kiwanja kimoja na kununua minivani mpya, tena ya haibridi, ile inayotumia betri na petroli kwa zamu. Rangi ya maziwa, mapazia madirishani, na katikati viti viwili vikubwa, kila kimoja na sehemu yake ya kuinua miguu.

Wiki ya kwanza hakuna aliyepumua mtaani. Kwa kinyozi alizungumza juu ya gari, kwa fundi viatu alizungumza juu ya gari, msibani alijizuia kidogo kisha akazungumza juu ya gari. Mlango unajifungua wenyewe, unateleza taratibu, hata kitasa hushiki. Ukiwasha haliungurumi, linakaa kimya kama halikusikia, kisha unaona tu nyumba zinaanza kurudi nyuma. Kuna skrini inayokuonyesha kwa mishale sasa hivi betri ndiyo inasukuma, sasa hivi injini imeamka, sasa hivi breki inairudishia betri nguvu zake. Na mafuta halinywi. Mhudumu wa kituo cha mafuta alimwuliza kama amehama mji. Kabati alicheka mpaka akakohoa, na kwa wiki nzima akawa anakirudia kichekesho hicho kwa watu waliokwisha kukisikia.

Siku ya kwanza ya kwenda kliniki, mke aliuendea mlango wa mbele kwa mazoea. Kabati mwenyewe ndiye aliyemshika mkono.

"Huko si kwako tena," alimwambia. "Leo wewe bosi. Panda nyuma."

Mke akapanda. Kabati akambonyezea vitufe: mgongo ukalala, miguu ikapanda juu, kiti kikaanza kumkanda kiuno polepole. Mke alifumba macho.

"Baba watoto," alisema, "mbona hukuninunulia mapema?"

Kabati akaenda mbele kifua mbele. Hawakufika hata njia panda ya pili, akasikia mkoromo. Akatazama kwenye kioo cha juu. Mkewe alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea pembeni. Miaka ishirini na sita hakuwahi kumwona analala ndani ya gari. Alifurahi sana siku ile. Furaha yenyewe ilidumu hadi kesho yake.

Maana kesho yake alilala tena. Na keshokutwa. Wakienda sokoni, kwa binti yao, kwa shemeji, mke alipanda nyuma, akanyanyua miguu, na kwisha habari yake. Dada yake akiwepo ndiyo kabisa: kila mmoja na kiti chake, wanacheka, wanapeana biskuti, na Kabati yuko mbele peke yake mfano wa dereva wa kukodi. Siku moja shemeji mtu alimgonga begani na kusema, "Suka, tupunguzie ubaridi," wakaangua kicheko wote wawili. Kabati alipunguza ubaridi. Moyoni alitokota.

Tuseme ukweli, alikuwa na wivu. Si wivu wa kumwonea mwanamume mwingine, huo angejua pa kuanzia. Alikionea wivu kiti. Kila alipokisikia kinavuma kile kivumo chake chembamba cha kukanda, alikitazama kwenye kioo cha juu kwa jicho baya. Hata ule ukimya aliokuwa akiusifu kwa kinyozi sasa aliuchukia. Kwenye lori, kelele za injini zilimlazimisha mke amsogelee sikioni akitaka kumwambia jambo, na pumzi yake ilinukia iliki. Katika gari hili sindano ikianguka unaisikia, na hakuna aliyemsogelea mwenzake. Halafu kulikuwa na kitaa kidogo cha manjano kwenye kioo cha kushoto, kinachowaka chenyewe gari jingine likiwa ubavuni. Kabati hakukitazama hata mara moja. Alikiona kama mtu aliyekuja kuchukua kibarua cha mkewe bila kuomba.

Wiki ya tatu yakamfika ya kumfika. Walikuwa wakitoka sokoni, mke nyuma, usingizi wa pono. Kabati alifika makutano ya barabara kuu, akatazama kulia, kuko peupe, akasubiri. Injini ilikuwa imejizima, gari limetulia tuli. Akaendelea kusubiri. Nyuma yake honi ikalia, ikafuata ya pili, zikawa kwaya nzima. Mwenye pikipiki ya mizigo akashuka, akaja kugonga kioo.

"Mzee, limezima?"

"Halijazima."

"Limeharibika?"

"Jipya hili."

"Sasa unasubiri nini?"

Kabati alitupia jicho kiti cha abiria, kitupu. Ndipo alipojitambua: alikuwa anasubiri aambiwe kushoto kukoje. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, leseni ya magari makubwa mfukoni, shingo yake mwenyewe juu ya mabega yake mwenyewe, na hakuigeuza.

"Tumefika?" mke aliuliza kwa sauti ya usingizi.

"Bado," Kabati alisema, akageuza shingo kwa hasira na kuingia barabarani. Njia nzima hakusema neno, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mkewe hakugundua kuwa amenuniwa.

Jumamosi, mke akiwa anaoga, Kabati alifungua kisanduku cha fyuzi, akaitafuta ya viti vya nyuma, akaichomoa, akaitia mfuko wa shati. Kazi ya dakika mbili. Aliporudi ndani alikuwa amekwisha kuandaa uongo wake.

"Kiti chako kimegoma. Nadhani ni mota. Nitampigia fundi."

"Hata kile cha pili?"

"Vyote. Vinatumia mota moja."

Mke alimtazama kidogo, akasema sawa. Jumapili akapanda mbele.

Siku zile tano Kabati alikuwa bwana harusi. Alijipaka mafuta ya nywele. Alibuni safari ambazo hazikuwepo: twende tukaangalie bei ya mabati, twende tukamsalimie fundi cherehani, twende tu. Mke alikaa kushoto kwake, miguu chini, akichungulia dirishani, na kila makutano akasema, "Kushoto peupe," na Kabati akaliondoa gari akitabasamu peke yake. Akampa hadithi za zamani, lile jokofu lililokwama ngazini, yule mteja aliyesahau paka ndani ya sofa. Mke alicheka pale pa kucheka. Kuna wakati aliinama kusugua vifundo vya miguu, na Kabati aliona. Aliona akatazama mbele.

Alhamisi ilikuwa kliniki. Muuguzi alibonyeza mguu wa mke kwa kidole gumba, shimo likabaki palepale, halirudi. Akabonyeza wa pili.

"Mama, wiki mbili zilizopita hii ilikuwa imeshuka vizuri. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, mwanangu. Kiti cha gari ndiyo kimeharibika, nakaa miguu imening'inia."

"Kitengenezeni basi. Hii siyo ya kuchezea."

"Kitatengenezwa," mke alisema. "Namsubiri mume wangu arudishe fyuzi."

Kabati alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya mlango, kofia mapajani. Yeye alisema mota. Neno fyuzi hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile. Alitazama sakafu, akahesabu vigae, akashindwa hata kuvihesabu.

Wakatoka hadi kwenye maegesho. Mke akasimama ubavuni mwa gari, ameshikilia bodi.

"Niliiona Jumatatu nikifua," alisema. "Nikairudisha mfukoni kwenye shati jingine ili usiitafute."

"Na hukusema?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Nikakupa Jumanne, nikakupa Jumatano."

Kabati hakuwa na la kujitetea, na mtu asiye na la kujitetea husema ukweli. "Nilitaka ukae na mimi," alisema. "Huko nyuma unalala tu. Ishirini na sita, mama watoto. Tulikuwa bega kwa bega. Sasa kiti kinakukanda na mimi ninakuwa suka."

"Kwani mbele nilikuwa nakaa kwa raha?"

"Si tulikuwa tunazungumza? Tunacheka?"

"Tulicheka. Mimi nakwambia habari ya kukaa." Alivuta pumzi, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda wa pili. "Ulikuwa huangalii kushoto. Huangalii kabisa. Nikipiga chafya tu, unadhani nimesema peupe, lori liko barabarani. Nimejifungua watoto watatu, na kila mmoja, wiki ya sita niko kwenye kebini, kwa sababu nilijua ukienda peke yako hurudi. Usingizi nilikuwa nao, baba. Nilikuwa nao kila siku. Nilikuwa naogopa kulala."

Gari jingine likapita karibu yao, likitafuta nafasi. Wakalipisha.

"Hata siku moja hukukaa kwa raha?" Kabati aliuliza.

"Mwanzoni. Kabla hujaacha kuangalia."

"Na hili je? Dereva si ni mimi yuleyule?"

"Hili lina kile kitaa. Lina ile sauti linapiga ukikaribia kitu. Linashika breki lenyewe. Nilipoona hivyo nikasema, basi, nimepokelewa."

"Kwa hiyo unaliamini gari kuliko mimi."

"Ndiyo," mke alisema. Hakusema kwa ukali.

Kabati alitoa fyuzi mfukoni, akainama chini ya usukani, akairudisha mahali pake. Ilimponyoka mara mbili. Mke akapanda nyuma, akanyanyua miguu, na kiti kikaanza kuvuma. Msifikiri wivu ulimtoka hapo hapo kwa kuwa alikuwa na kosa. Ulizidi. Kushindwa na kiti kwa ulaini ni jambo moja, mtu anaweza kulimeza. Yeye alikuwa ameshindwa kwa kuaminika, tena na kitu chenye wiki nne tu nyumbani kwake. Aliendesha taratibu mpaka nyumbani, akigeuza shingo kushoto hata pasipokuwa na njia ya kushoto.

Jumamosi binti yao, mwalimu, alikuja kuwachukua wakale kwake. Kabati alimpa funguo, akasema macho yanamuwasha. Hayakumuwasha chochote. Alitaka kile kiti cha pili, kilicho jirani na cha mkewe. Kama mke haji mbele, yeye atamfuata huko huko nyuma.

"Karibu, bosi," mke alimwambia, akambonyezea vitufe.

Lazima tukiri, kiti kilikuwa kitamu. Mgongo wake uliobeba makabati robo karne ulilia kwa furaha. Aliwaza, kumbe ndiyo haya. Mke akaweka mkono wake juu ya wa mumewe, akafumba macho. Gari likaondoka kimya. Kabati naye akafumba.

Wakafika makutano ya kwanza, akafumbua. Binti aligeuza kichwa kulia, kushoto, kulia, akaingia. Vizuri. Kabati akafumba tena, akafumbua. Basi lilikuwa linakuja. Analiona? Aliinuka, akachungulia kupitia pazia. Mguu wake wa kulia ulikanyaga breki, ukakanyaga hewa, maana ulikuwa umenyanyuliwa juu. Akasogea ukingoni.

"Kushoto kuna pikipiki," alisema.

"Nimeiona, baba."

"Na ile nyeupe."

"Baba, nimeiona. Lala."

Hakulala. Safari ilikuwa ya dakika arobaini, na kwa dakika zote arobaini alishika mpini wa mlango kama anayezuia kabati lisidondoke ngazini. Walipofika, mke alishuka akijinyoosha, uso umempoa, vifundo vya miguu vimepungua. Kabati alishuka shingo imekakamaa na shati limelowa mgongoni.

"Umelala?" mke alimwuliza.

"Nilale vipi, na roho yangu iko mikononi mwa mtu mwingine?"

Alikwisha kulisema ndipo akalisikia. Mkewe alimtazama mpaka Kabati akainamisha macho.

"Pole," mke alimwambia. "Na hiyo ni safari moja."