Mama Matunda na Kipimo cha Asubuhi

Mtaa mzima ulimwita Mama Matunda, na tangu daktari amwambie ana kisukari, mtaa mzima ukamwonea huruma. Yeye hakuihitaji. Daktari alisema kisukari chake bado kinatulizwa kwa chakula, bila kidonge, basi akapunguza wali, akaacha soda, akaizoea chai isiyo na sukari mpaka akaanza kuwacheka wanaotia vijiko vitatu. Kazi yake ya kumenya matunda, kuyakatakata na kuyapeleka maofisini kwenye vibakuli hakuiacha. Kuonja tu ndiko alikomwachia mumewe, na mume aliipokea kazi hiyo kwa moyo mkunjufu.

Shida ilikuwa kile kipimo cha sukari cha nyumbani. Siku za kliniki, ambazo hakugusa kisu, sukari yake ilikuwa sawa kabisa. Nyumbani, kabla hajatia kitu kinywani, kilisoma kumi na mbili, siku nyingine kumi na tatu, karibu mara mbili ya kliniki. Bintiye, msusi mwenye ulimi usio na breki, alikuwa na maelezo yake: mama hujinyima akienda kliniki, siku nyingine anadonoa.

"Sijadonoa hata kipande," mama alisema.

"Mama, mashine ikusingizie ili ipate nini?"

Ugonjwa aliukubali siku ileile alipoambiwa. Kuitwa mwongo jikoni kwake, tena na mtoto aliyemzaa mwenyewe, kulimuuma. Na binti hakuishia hapo. Alisema Jumamosi atakuja kushuhudia, na kipimo kikipanda, biashara ya matunda basi.

Jumamosi akafika mapema. Mama, kama kawaida yake, alikuwa ameshaanza kumenya machungwa na mananasi, maana oda hazisubiri. Binti naye akavua saa, akashika kisu kumsaidia. Hasira zake hazikuwahi kumzuia kufanya kazi. Walipomaliza beseni la kwanza, mama akajifuta mikono kwenye aproni, akakaa, akajitoboa kidole. Kumi na tatu.

Binti akashusha pumzi. "Basi, mama. Tuyaache haya."

"Hicho kidude ni kibovu."

"Kibovu? Ngoja nikuonyeshe."

Akajifuta kwenye kona ya aproni ileile, akaweka sindano mpya, akajitoboa bila kupepesa. Kipimo kikafikiri kidogo, kisha kikasoma kumi na sita.

Mume, aliyekuwa akingoja kipande cha kuonja, akasogea akachungulia.

"Mwanangu," akamwambia kwa upole, "kumbe na wewe unadonoa?"

Binti hakucheka. Alivitazama vidole vyake, akavibana na kuviachia, vilinata. Akalamba kidole gumba. Kilikuwa kitamu kama chungwa lenyewe.

Wakaenda bombani, wakanawa kwa sabuni, wakajikausha kwa taulo safi. Binti akapima kwanza: tano. Kisha akamtoboa mama. Tano nukta nane.

Mama akaikodolea macho ile namba. Ukweli ni kwamba hata yeye alikuwa ameanza kujishuku. Kuna asubuhi aliamka akijiuliza kama huenda anadonoa akiwa usingizini. Sasa mabega yalimshuka, akajisikia mwepesi.

"Nisamehe, mama," binti alisema.

"Nimekusamehe. Ila siku nyingine niulize mimi kwanza, hiyo mashine baadaye."

"Nilikuuliza, mama."

"Uliniuliza. Jibu langu ndilo hukulitaka."

Binti akainamisha kichwa. Mama akageukia dirishani upesi, maana machozi yalikuwa yanakuja na hakutaka yaonekane. Yalionekana. Binti akafunga aproni safi kiunoni, akalivuta beseni la pili, akauliza ni ofisi gani inayopelekewa kwanza.