Wimbo wa Mlango Usio na Komeo

Baba yangu aliwekwa kwenye wimbo kwa sababu ya samaki aliyepikwa na mama. Nikieleza hivyo watu hucheka, kisha huuliza ni wimbo gani, kisha huanza kuuimba.

Gari la mwanamuziki aliyeutunga liliharibika karibu na kwetu, nje kidogo ya Rongo, akitoka kutumbuiza Homa Bay. Baba akamkaribisha yeye na wapiga gitaa wake. Mama, mzaliwa wa Karungu kando ya ziwa, akawapikia samaki aina ya ngege aliyekaushwa juani, akammalizia kwa maziwa, namna ya kwao. Walikula wakalamba vidole, wakalala, asubuhi wakaondoka. Baada ya miezi michache redio ikaanza kumsifu baba kwa jina lake na jina la babu: mtu ambaye mlango wake hauna komeo, mgeni kwake haulizwi atokako. Ndivyo waimbaji wetu wa benga wafanyavyo. Humtaja mtu katikati ya wimbo, na tangu siku hiyo mtu huyo si wa nyumba yake peke yake.

Lazima nieleze uzito wa mdomo wa yule bwana. Aliimba kuhusu wasichana waliozalia nyumbani, na wazazi waliokuwa wamewakatia tamaa wakawarudisha shule. Aliimba kuhusu wachimba dhahabu wanaorudi kwa wake zao mikono mitupu, na wanaume wa machimbo ya Masara wakaona haya. Kwa muda hata wenye baa za kule walilalamika kwamba wateja wamepungua. Wanasiasa walimwogopa kuliko mhubiri. Sasa mtu kama huyo akisema mlango wako hauna komeo, wewe ni nani uutie komeo?

Baba hakuutia. Wageni wakaja: wachimba dhahabu, wafanyabiashara wa mahindi kutoka Kegonga, wanafunzi wa chuo waliotaka kupiga picha naye. Alikaa nao sebuleni, kofia kichwani, akirudia kisa cha gari. Kuku wetu hawakuwahi kuzeeka. Jikoni mama alipuliza kuni mpaka macho yake yakawa mekundu siku zote, nami nilimenya, nikaosha, nikanung'unika. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe lilikuwa langu na la mama. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Mama aliomba kitu kimoja tu kutoka kwa wimbo ule. Tuliposikia kwamba mwanamuziki angetumbuiza tena Homa Bay, alimwambia baba, "Baba watoto, ukimwona mwambie aniweke na mimi. Hata kidogo tu. Aseme Nyar Karungu." Binti wa Karungu, hivyo ndivyo watu wa ukweni walivyomwita.

Baba akacheka. "Wimbo ukishatoka umetoka. Kwani ni mboga, useme unaongeza chumvi?"

Mama naye alicheka kidogo, kwa adabu. Hakuomba tena.

Mwanamuziki alirudi baada ya miaka mingi, nyimbo zikiwa zimeshahamia kwenye simu. Alikuwa anatoka hospitalini Migori, anaumwa koo, shali shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Dereva wake aliwauliza vijana wa bodaboda mahali pa kupata chakula, nao wakamwelekeza kwetu, kwa yule mzee wa kwenye wimbo. Baba alimtambua kabla hajashuka. Alisimama mlangoni akitabasamu, akingoja kukumbatiwa. Mgeni akampa mkono kama unavyompa mtu yeyote, akauliza kwa mnong'ono, "Hapa ni kwa nani?"

Sijawahi kumwona baba akinywea vile. Nilimwonea huruma, mimi niliyekuwa na hasira naye. Akasema tu karibu, karibu ndani.

Mama alileta samaki, akarudi jikoni. Mgeni alimeza tonge la kwanza kwa shida, akatazama sahani. "Huyu samaki nimewahi kumla," akanong'ona. "Alinipikia nani?"

Baba angeweza kusema mengi. Angeweza kutaja gari, na mlango, na jina lake. Alisema, "Nyar Karungu. Bibi yangu."

Mgeni akaanza kugonga meza kwa vidole, akitafuta mdundo wa wimbo ule ule. Akafungua mdomo, na pale penye jina la baba akaweka la mama. Haikuwa sauti, ilikuwa pumzi tu. Nilisikia kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu yake na jagi la maji ya kunawa. Nikaliweka chini, nikakimbilia jikoni.

"Mama, amekuimba."

"Ameimba? Mbona sijasikia?"

"Hana sauti, mama. Amenong'ona. Lakini amesema Nyar Karungu."

Mama aliacha kupuliza kuni, akanyooka, mkono kiunoni. "Basi akipona ataiweka kwa redio," akasema.

Hakupona. Habari za kifo chake zilipotoka, watu walimiminika kwetu kana kwamba msiba ni wetu. Baba alikaa uani akipokea pole. Kila simu ilikuwa ikicheza wimbo ule, na mama alikuwa jikoni akiwasongea ugali. Sikitiko langu ni kwamba sisi tuliokuwa mezani siku ile tulisikia jina lake likiimbwa, na yeye hakulisikia, kwa kuwa alikuwa anatuchemshia chai.

Kila wimbo ulipoanza upya, mwiko wake ulisimama. Alielekeza sikio dirishani, akangoja mpaka pale penye jina. Likatajwa la baba. Mwiko ukaendelea.

"Wamefika wengine," akaniambia. "Ongeza maji."