Gari Jeusi la Mwenye Majeneza

Yadi yenyewe iko nyuma ya kituo cha mafuta, imebanana ukuta kwa ukuta na duka la matairi, na haina kibao. Ukiuliza wapi wanapong'arisha rangi za magari utaambiwa nenda kwa Shangazi. Shangazi wa nani, hakuna anayekumbuka. Watoto wa mdogo wake ndio walioanza kumwita hivyo, wateja wakadakia, na sasa hata wazee wenye mvi kumzidi wanamwita Shangazi naye anaitika.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na siku akicheka ujue kuna mtu anachekwa. Baba yake ndiye aliyeanzisha yadi, na alipofariki aliwaachia wawili, yeye na mdogo wake wa kiume. Aliwaachia na masharti. Gari halioshwi juani. Ndoo ziwe mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, maana mchanga uliotoka kwenye gari ukirudi kwenye gari umekuwa msasa. Kitambaa kikidondoka chini kimekufa, hakigusi tena rangi, kinakwenda kufuta matairi. Na anayeingia kazini avue pete, saa na mkanda, kwa sababu mtu akiinamia gari, chuma chake kinainama naye.

Shangazi aliyameza masharti yote. Kwa mdogo wake yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Huyo mdogo wake wateja walimbatiza Mng'aro. Kijana wa zamani, sasa ana tumbo, lakini bado anajiona yuko vilevile. Alikuwa na mkanda wenye chuma kikubwa mbele kama kisosi, havui hata umwambieje, maana akiuvua suruali inashuka na heshima inashuka nayo. Na alikuwa na njia yake ya mkato. Kuna mafuta mazito ya kupaka juu ya rangi, yanaingia kwenye mikwaruzo yanaijaza, gari linatoka linameremeta kama limetolewa dukani. Mvua ikinyesha, mafuta yanakwenda zake na mikwaruzo inarudi nyumbani.

"Dada, mteja anataka ling'ae akilitazama," alikuwa akimwambia.

"Na akilitazama wiki ijayo?"

"Wiki ijayo si atalileta tena."

Wako watu wa hivyo. Ukimpa ufagio anafagia pale tu mgeni atakapokaa.

Sasa hapo barabarani juu yuko mzee mmoja, anatengeneza majeneza na anasafirisha maiti. Gari lake ni refu, jeusi tititi, na nyeusi ni rangi mbea, haifichi siri ya mtu. Mzee huyo ndiye aliyekuwa nguzo ya yadi. Alipopeleka gari lake, wenye magari ya harusi walipeleka, wenye teksi walipeleka, kila mtu akisema kama yule anawaamini, mimi ni nani. Akiondoka yeye wanaondoka wote, na hilo Shangazi alilijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake.

Ikatokea binti wa Shangazi amejifungua, Shangazi akaenda kumwogesha mtoto. Gari jeusi likaja, Mng'aro akalipokea peke yake. Shangazi aliporudi lilikuwa limeshaondoka, na mdogo wake anapiga mluzi. Mluzi ule haukumpendeza.

Siku chache baadaye mwenye majeneza akaja mwenyewe, anaendesha mwenyewe, na hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Shangazi, toka uone," alisema, hakusalimia.

Shangazi akatoka. Gari lilikuwa limetoka kwenye mvua, limekauka. Juu ya boneti na ubavuni mwa milango, kila jua lilipopiga, kulikuwa na utando wa mikwaruzo ya duara kama mtu kasugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Na kwenye mlango wa nyuma, ule unaofunguliwa kuingiza jeneza, palikuwa na mchirizi mrefu uliopinda.

"Nilikuwa na msiba wa watu wakubwa," mzee akasema. "Mvua ikatunyeshea njiani. Tumefika, watu wamesimama nyuma ya gari wanalia, mjane anainua macho anakutana na huo. Mimi nikatamani jeneza lile niingie mimi."

"Dereva wako yuko wapi, mzee?"

"Nimemsimamisha kazi. Huo mchirizi kaupata kwenye geti la makaburi, anakataa. Watu wazima wanadanganya hivi." Akapiga bodi kwa kidole. "Dereva ni shida yangu. Hii mikwaruzo mingine ni shida yako. Ijumaa nalihitaji. Likiwa hivi, nalipeleka pale njia panda kwenye zile brashi zinazozunguka zenyewe. Angalau zile hazijifanyi zinajua."

Akaondoka kwa miguu. Mng'aro alikuwa amesimama karibu na bomba muda wote huo, na neno hata moja halikumtoka. Yeye, ambaye huongea hata akiwa anapiga mswaki.

Shangazi hakumgombeza. Alijifunga kanga kiunoni, akalisukumia gari kivulini, akaanza. Akaliosha taratibu toka juu kwenda chini. Lilipokauka akaingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, akapapasa rangi, maana kwa mfuko mkono unasikia chembe za mchanga ambazo ngozi haizisikii. Zilikuwa tele. Akachukua udongo laini wa kazi, ule unaonasa chembe, akaulowesha, akauteleza juu ya bodi hadi rangi ikawa nyororo kama kikombe. Kisha akachukua kitambaa na spiriti, akafuta boneti yote, mafuta ya Mng'aro yakatoka, na madhambi yake yakabaki uchi.

Ndipo akawasha mashine ya kupolishi. Pole pole, kipande kidogo kidogo, mkono mmoja unashika mashine, mwingine unagusa bodi kuangalia joto. Juu ya rangi kuna koti jembamba lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia, na ukilikata mpaka likaisha hakuna dawa. Siku hiyo alimaliza paa na boneti. Siku ya pili ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Mng'aro alipokuja na kitambaa kusaidia, alimwambia:

"Rudisha. Usiguse."

"Dada, nataka kusaidia."

"Ndiyo maana nimekwambia usiguse."

Wifi yake alileta chakula saa ya mchana, akamkuta mumewe amekaa kwenye tairi na mikono mapajani.

"Wifi, utamnunia mpaka lini? Ni damu yako."

"Damu nikiimwaga mlangoni kwa mtu naifuta. Weka chakula hapo."

Mlango wa nyuma aliuacha wa mwisho. Alipitisha ukucha juu ya mchirizi, ukucha ukakwama. Hiyo ndiyo alama. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeshapita klia, na ukiukimbiza kwa mashine utafika kwenye bati kabla hujaumaliza. Huo ni wa kupigwa rangi upya, si wa polishi tena. Akainama kuutazama vizuri, na hapo akaona kitu.

Geti halikwaruzi hivyo. Geti linakwaruza moja kwa moja kama rula. Huu ulianza pembeni, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, kama mtu anayejinyoosha kufikia paa, anarudi, anajinyoosha tena. Na ulikuwa usawa wa tumbo. Tumbo la mtu fulani.

Shangazi akanyooka.

"We. Njoo hapa."

Mng'aro akaja.

"Simama hapo. Jinyooshe, ufute paa."

"Dada..."

"Jinyooshe."

Akajinyoosha. Kile chuma cha mkanda kikaenda kukaa juu ya mchirizi kama kifuniko kwenye sufuria yake. Upande wa pili wa ukuta mtu wa matairi alikuwa anagonga ringi, kang, kang.

"Uliuona siku hiyohiyo," Shangazi akasema.

"Niliuona."

"Ukaujaza mafuta."

"Nilijua utanila nyama."

"Na juzi mzee amesimama pale, anasema kamfukuza mtu kazi. Mtu ana watoto. Ukashika bomba."

Mng'aro akaangalia chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini ya kubembeleza, "Dada, fikiria. Tukisema, tumekwisha. Gari linaondoka, wote wanaondoka. Jaza mafuta kidogo hapo tu, Ijumaa haina mvua. Dereva atapata kazi nyingine. Tutafunga yadi ya baba kwa ajili ya dereva?"

Na hapa ndipo ujue Shangazi hakuwa mjinga wala malaika. Alifikiria. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akafikiria mpaka chai ikapoa. Yadi ilikuwa kula yake, ilikuwa ada ya watoto wa mdogo wake, ilikuwa mikono ya baba yake. Kisha akainuka, akamimina chai chini.

"Ijumaa utasema wewe. Kwa mdomo wako."

"Na nisiposema?"

"Nitasema mimi, halafu utatafuta dada mwingine."

Ijumaa asubuhi mwenye majeneza akaja na suti yake. Alizunguka gari taratibu. Alipofika nyuma akasimama.

"Huu bado upo."

"Upo," Shangazi akasema. "Shika." Akampa kitambaa cheupe na chupa ya spiriti. "Futa popote unapotaka. Kama kuna kitu nimekufichia kwa mafuta, kitatokea."

Mzee akavua koti. Alifuta boneti, alifuta milango, alifuta paa akisimama kwenye kizingiti cha mlango wa gari, anasugua kama mwenye kisasi. Kisha akarudi nyuma juani, akainama, akatazama kwa jicho moja. Hakikutokea kitu. Weusi ulikuwa mmoja, mzito, na yeye mwenyewe akijiona ndani yake, tai yake imekwenda upande.

"Na huu je?"

Shangazi akamgeukia mdogo wake. Hakumsaidia hata kwa kukohoa.

Mng'aro akasogea mbele. "Mzee, huo ni mimi. Mkanda wangu. Dereva wako hana kosa. Nikaujaza mafuta usionekane."

Mzee alimtazama usoni, akateremsha macho mpaka kwenye kile kisosi, akayapandisha tena.

"Na ulinisikia nikimsema mwenzio."

"Nilikusikia."

"Mtu wangu amekaa nyumbani, mkewe hamsemeshi." Akamgeukia Shangazi. "Na wewe ulikuwa unaweza kunijazia mafuta nikaondoka zangu nikishukuru."

"Nilikuwa naweza."

Mzee akavaa koti lake taratibu. Akatoa simu, akasogea pembeni, akasikika akisema, "Njoo. Njoo tu, tutaongea ukifika. Nimekosea." Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa shida, kama mwiba wa samaki. Aliporudi aliugusa tena ule mchirizi.

"Leo nitaning'iniza shada la maua hapa. Kazi yangu mimi ndiyo kufunika."

"Funika wewe. Mimi sifuniki," Shangazi akasema. "Wiki ijayo lipeleke kwa mpiga rangi, atie rangi mlango huo. Gharama ni ya mkanda. Likikauka vizuri, liache lipumue kwanza, ndipo uniletee nilipake nta."

"Nimekwambia nitalileta?"

"Hujasema."

Mzee akaingia ndani ya gari. Akawasha, akateremsha kioo.

"Yeye asiliguse."

"Hilo usinifundishe."

Gari lilirudi, limetiwa rangi, linaendeshwa na dereva mwenyewe. Hakumpa mtu ufunguo. Alishuka, akamtafuta Mng'aro kwa macho, na alipompata alimtazama kiunoni kwanza. Mng'aro alikuwa amefunga suruali kwa kipande cha kamba, amekaa kwenye kigoda pale bombani anafua vitambaa. Vya rangi beseni hili, vya matairi beseni lile. Hiyo ndiyo kazi yake mpaka leo.

"Mwache basi mwenzio ashike hata boneti," dereva akasema, kwa utani au kwa huruma, haijulikani.

Shangazi alikuwa anakunja kitambaa cha nta. "Nikichoka kumtazama pale nitamwinua."

"Na utachoka lini?"

"Mimi sichoki upesi," akasema, akainama juu ya mlango wa nyuma.