Yego Niliyoiandika Vibaya

Ipo siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu. Sasa muhula mpya wa Bunge umeanza na wewe umepata kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao, ile niliyoifanya mimi ujanani, kwa hiyo acha nikusimulie.

Nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu. Mbunge akinisalimia kwa uchangamfu, najiuliza anataka nini. Usicheke, hata mama yako nilimshuku aliponikubali haraka.

Basi katika kamati moja, mwenyekiti alieleza kirefu kwa nini ripoti ya mashamba ya wajane iahirishwe mpaka kikao kingine. Mbunge aliyeileta, mama mmoja mpole, alikuwa akiitikia, "Yego", yaani ndiyo kwa Kinyarwanda. Mimi nikaandika kwamba Mheshimiwa amekubali kuahirisha.

Kesho yake akaja ofisini na karatasi mkononi.

"Kijana, hii haiko sawa," akaniambia. "Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Yego ya kusikiliza haiko yego ya kukubali. Rekebisha, wale wamama wananingoja."

Nikamjibu kwa heshima kwamba nitaangalia. Moyoni nilisema, huyu kageuka. Bila shaka watu wa kwao wamemkasirikia, sasa anataka kunitumia kufuta maneno yake. Karatasi nikaitia kwenye droo. Mkanda wa kurekodi sauti za kikao ulikuwa hapo hapo mezani, wala sikuusikiliza.

Siku ya tatu nikamsimulia mkuu wetu, Mzee Sadi wa mtaa wa Nyamirambo, nikitegemea sifa. Hakunisifu. Aliuweka mkanda, tukasikiliza wote wawili. Yule mama alisema yego mara nne, na zote nne mwenyekiti alikuwa bado anaeleza. Hakuwa ameuliza chochote. Alipouliza, mama alinyamaza, na mwenyekiti akaendelea na jambo jingine.

"Wewe unashuku watu wote," Mzee Sadi akasema taratibu, "isipokuwa sikio lako."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbukumbu zile zilikuwa zimepitishwa asubuhi hiyo hiyo, na zikishapitishwa hazikuguswa tena. Ripoti ikangoja kikao kingine, kikao kikajaa mambo mengine, muhula ukaisha haijajadiliwa. Yule mama hakurudi bungeni.

Miaka baadaye nilimkuta kwa fundi cherehani, Nyamirambo, nikamwomba radhi pale pale mbele ya wateja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini mashamba hayakuwa yangu."



Mwanangu, sikwambii umwamini kila mtu. Humo watakuja waliosema kweli na waliogeuka, na wote watavaa vizuri na kukuita kwa jina lako. Endelea kuwashuku. Ila kabla hujamshuku aliyesema, shuku ulivyosikia. Rudia mkanda siku hiyo hiyo, hata kama umechoka, hata kama anayekuomba humpendi. Neno utakaloandika ni la mbunge, lakini nyuma yake wapo watu usiowajua, na hao hawataingia ofisini kwako kukusahihisha.

Mungu akupe masikio yenye subira, na mkono usioona haya kufuta ulipokosea.